Maji ya bomba na samaki wa mapambo: Namna ya kuondoa klorini na kloramini

Maji ya bomba yaliyo salama kwa kunywa yanaweza kuua samaki wote wa tangi la kioo katika muda wa saa chache. Sababu ni dawa inayotiwa mitamboni ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine. Mara nyingi dawa hiyo ni klorini, lakini katika baadhi ya miji duniani ni kloramini, ambayo hupatikana kwa kuchanganya klorini na amonia. Dawa hizi mbili haziondolewi kwa njia moja, na kutojua tofauti hiyo huwagharimu wafugaji wengi samaki wao.

Kwa nini samaki hudhurika

Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanapomfikia mtumiaji yawe na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Nchini Marekani, mamlaka ya mazingira imeweka miligramu 0.019 kwa lita kuwa ukomo wa muda mfupi kwa ajili ya kulinda viumbe wa mito na maziwa. Hivyo, hata kiasi kidogo kabisa kinachomlinda mnywaji ni takriban mara 10 ya ukomo huo.

Mtu anapokunywa maji hayo, dawa humalizwa nguvu tumboni kabla ya kuingia katika damu. Samaki hana kinga hiyo kwa kuwa maji hupita moja kwa moja katika matamvua yake. Klorini huunguza matamvua, ilhali kloramini hupenya hadi katika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Aidha, dawa zote mbili huua bakteria wa kwenye chujio wanaoondoa sumu itokanayo na kinyesi cha samaki.

Klorini: kuyaacha maji yakae

Nchini Tanzania na Kenya, dawa iliyozoeleka katika maji ya bomba ni klorini. Hii ni rahisi kuondoa kwa sababu hupotea hewani. Maji yakiwekwa katika ndoo au beseni lenye mdomo mpana, bila mfuniko, kwa saa 24 hadi 48, kwa kawaida klorini huisha. Pampu ya hewa huharakisha kazi hiyo. Kuchemsha nako huiondoa, ila maji hayo yanapaswa kupoa na kupulizwa hewa kwanza, kwani kuchemka hufukuza pia oksijeni.

Maji yaliyokaa siku kadhaa katika tangi la akiba la nyumbani huwa yamepungukiwa klorini, lakini hilo halitoi uhakika. Maji yanaporejea baada ya mgawo, au baada ya mabomba kutengenezwa na kusafishwa kwa dawa, kiwango kinaweza kuwa juu kuliko siku nyingine. Ikumbukwe pia kwamba dawa ya kutibu maji ya kunywa majumbani, iwe ya chupa au ya vidonge, kwa kawaida ni klorini. Maji yaliyotiwa dawa hiyo yasimiminwe kwa samaki kabla ya kuondolewa makali yake.

Kloramini: kusubiri hakutoshi

Mji wa Washington ulianza kutumia kloramini mwaka 2000, na San Francisco mwaka 2004. Miji hupendelea dawa hii kwa sababu hudumu muda mrefu ndani ya mabomba. Sifa hiyohiyo ndiyo inayomtatiza mfugaji, kwani maji yanaweza kukaa siku nyingi na dawa ikabaki.

Kloramini huvunjwa kwa thiosalfeti ya sodiamu, ambayo ndiyo kiungo kikuu cha dawa nyingi za maji zinazouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Hata hivyo, inapovunjika, amonia hubaki majini, nayo pia ni sumu. Kwa hiyo inahitajika dawa inayofunga amonia vilevile, pamoja na chujio lililokomaa. Vitamini C nayo huvunja kloramini, lakini huacha amonia ileile. Mkaa maalumu wa kuchujia husaidia iwapo maji yanapita polepole sana.

Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Katika nyuzi joto 25, sehemu yenye sumu zaidi ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pale pH inapokuwa 7, lakini hufikia takriban asilimia 5 kwenye pH ya 8. Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao huwa na pH inayokaribia 9, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Kipimo cha dawa

Miligramu 1 ya klorini huhitaji takriban miligramu 7 za chembechembe za thiosalfeti ya sodiamu. Gramu 14 zikiyeyushwa katika lita 1 ya maji safi, mililita 10 za mchanganyiko huo hutosha ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita. Kuongeza hadi mililita 20 ni tahadhari isiyo na madhara. Chumvi hii ilitumika katika studio za kusafishia picha, lakini dawa ya picha iliyokwisha kuchanganywa isitumike, kwa kuwa huwa na kemikali nyingine.

Kabla ya kubadili maji

Vipimo vya mabwawa ya kuogelea vinavyotofautisha klorini huru na klorini jumla vinafaa pia nyumbani. Jumla ikizidi ile huru kwa kiasi kikubwa, yaelekea maji yana kloramini. Njia nyingine ni kuiuliza mamlaka ya maji ya eneo husika.

Ni vyema kubadili robo ya maji kwa wakati mmoja, yakiwa na joto linalolingana na la tangini. Iwapo maji yanajazwa kwa mpira moja kwa moja, dawa itiwe kwanza, kwa kipimo cha tangi zima. Sifongo ya chujio isioshwe bombani, bali katika maji yaliyotolewa tangini.

Samaki wakipanda juu kutweta na matamvua yakienda mbio mara baada ya maji kubadilishwa, dawa ya kuondoa klorini itiwe papo hapo na pampu ya hewa iongezwe nguvu. Katika hali hiyo, kuongeza maji mengine ya bomba yasiyotibiwa ni kuzidisha sumu.