Sheria ya Magari na Sheria ya Watu

Leonidas Dyer alizaliwa mwaka 1871 katika jimbo la Missouri, Marekani. Alisomea sheria, akafanya kazi ya uwakili mjini St. Louis, na mwaka 1910 akachaguliwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Republican. Wengi katika eneo lake la uchaguzi walikuwa watu weusi.

Julai 1917, wazungu waliwashambulia weusi mjini East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na waliookoka wakavuka mto kukimbilia mji wa Dyer. Aprili 1918 akapeleka bungeni muswada dhidi ya mauaji ya aina hii.

Magazeti yetu ya Kiswahili huandika "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo hayatoshi hapa, kwani mara nyingi maofisa wenyewe walitazama tu. Kwa hiyo muswada uliwalenga hata maofisa walioshindwa kumlinda mtu, na kuitaka kaunti iilipe familia ya marehemu dola 10,000.

Wapinzani, hasa wa Kusini, walidai kuwa mauaji ni kosa la kushughulikiwa na jimbo, si serikali kuu. Dyer alijibu kama wakili: Marekebisho ya 14 ya Katiba yanaahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na jimbo lisilomlinda mtu limemnyima haki hiyo. Januari 1922 Baraza la Wawakilishi likaupitisha muswada. Katika Seneti, maseneta wa Kusini waliukwamisha kwa mbinu za kuchelewesha shughuli, na mwezi Desemba ukaachwa.

Lakini mwaka 1919 sheria nyingine ya Dyer ilikuwa imeshapita. Hiyo inamwadhibu anayevusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine. Wizi nao ni kosa la jimbo. Ni kweli kwamba gari huvuka mpaka, na Katiba inaipa serikali kuu mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo. Hata hivyo, kwa ajili ya gari Bunge lilitafuta njia likaipata. Kwa ajili ya mtu mweusi, wakili yuleyule aliwaonyesha njia, wakakataa kuipita.

Dyer alishindwa uchaguzi wa 1932, akafariki 1957. Sheria ya kitaifa dhidi ya mauaji hayo, yenye jina la Emmett Till, ilitiwa saini Machi 2022, miaka 100 baada ya kura ile ya Januari.