Kupanda Uluguru wakati wa kipupwe: Maandalizi kwa wanaoanzia Matombo

WATANZANIA wengi wakisikia habari za kupanda mlima huikumbuka Kilimanjaro, na wakisikia habari za baridi huzikumbuka Njombe na Makete. Milima ya Uluguru, ambayo wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro huitazama kila siku kupitia madirisha ya mabasi, huhesabiwa kuwa ni pambo la mji tu. Ndiyo maana baadhi ya wapandaji huiendea na yeboyebo, fulana moja na chupa ya maji.

Kipupwe, yaani majira ya baridi ya kati ya Juni na Agosti, ndicho kipindi kinachopendwa na wapandaji kwa kuwa masika yamekwisha na shule nyingi hufunga. Kwa upande wa magharibi wa milima hiyo, kuanzia Mgeta, hoja hiyo ina uzito. Kwa upande wa mashariki, ilipo Matombo, mambo ni tofauti. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu, hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu na manyunyu. Miteremko hiyo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka katika sehemu za juu, wala hakuna mwezi ambao msitu wake hukauka kabisa. Maji hayo ndiyo yanayoulisha mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji ya bomba.

Matombo iko Morogoro Vijijini, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini kwa njia ya Bigwa, Kiroka na Mkuyuni. Jina lake, ambalo kwa Kiluguru maana yake ni matiti, linatokana na umbo la miamba ya mahali hapo. Ni eneo la joto, la minazi, karafuu na mananasi, lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha juu kabisa cha Uluguru, Kimhandu, kina zaidi ya mita 2,600. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, aliyeondoka Matombo katika nyuzi 24 anaweza kukuta nyuzi 11 karibu na kilele, kabla ya kuhesabu upepo na nguo zilizolowa. Usiku hali huwa kali zaidi.

Kinachoua milimani mara nyingi si barafu bali ni maji na upepo kwa pamoja. Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri katika nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, hatari imeanza. Dalili zake ni kutetemeka, ulimi kuwa mzito, kujikwaa pasipo sababu na vidole kushindwa kufunga kifungo. Wenzake humdhania kuwa amechoka tu, na wengine humcheka. Mgonjwa akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hajapona, bali amezidiwa. Avuliwe nguo zenye maji, avishwe kavu, akingwe upepo na alale juu ya kitu kinachomtenga na ardhi. Iwapo anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe asipewe hata kidogo, kwani huifungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Kwa sababu hiyo nguo za pamba, ikiwemo suruali ya jinzi, hazifai. Pamba hunywa maji na kukauka polepole. Sufi hutunza joto hata ikilowa, na kwa bahati nzuri sweta za sufi zilizofumwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya hupatikana kwa bei ya kawaida katika masoko ya mitumba. Juu yake livaliwe koti la mvua. Seti moja ya nguo kavu, pamoja na soksi, ifungwe mahali pasipoingia maji na isiguswe hadi jioni. Kopo la plastiki lenye mfuniko imara hufaa kwa kazi hiyo na kwa kiberiti pia.

Viatu viwe na meno. Udongo wa miteremko hii huteleza mno. Wazee wa Mgeta hawajasahau Februari 1970, mvua kubwa ilipoangusha mamia ya maporomoko ya ardhi katika eneo lao. Kwa maoni ya mwandishi, mabuti ya mpira ya mkulima pamoja na fimbo ndefu ni bora kuliko raba za bei mbaya zenye soli laini. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Chakula kiwe cha kuliwa bila kupikwa: karanga, mihogo iliyochemshwa, ndizi, chapati, sukari guru. Wanaobeba maharage mabichi wajue kwamba katika mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko nyumbani. Zaidi ya hayo, kuwasha moto ndani ya msitu wa hifadhi ni mwiko.

Msitu wenyewe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali kiombwe mapema mjini Morogoro, na mwongozaji awe mwenyeji. Pamoja na kujua njia, yeye ndiye anayejua mahali pa matambiko. Upande huu wa milima ndiko liliko pango la Kolelo, mzimu ambao sifa zake zilivuka mbali na nchi ya Waluguru tangu kabla ya Vita vya Maji Maji. Mgeni hapaswi kuyaendea maeneo ya namna hiyo bila idhini ya wenye nchi.

Saa pia ipangwe. Jua huzama karibu saa 12:30 jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Kundi liafikiane tangu asubuhi kwamba ifikapo saa 8 mchana litageuka, kilele kifikiwe au kisifikiwe. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya kuanza safari, kwa kuwa mtu akishakiona kilele huwa mgumu kuambilika.

Si kila anayefika Matombo ana haja ya kilele. Wapo wanaofuata ndege, hasa chozi wa Loveridge, ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa Uluguru. Wapo wanaotafuta maua ya saintpaulia, yanayouzwa kwenye vyungu huko Ulaya na ambayo ndugu zake wa mwituni huota kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii. Wapo pia wanaokwenda katika msitu mdogo wa Kimboza, ulio kwenye miamba ya chokaa, kumtazama mjusi mdogo wa samawati anayeishi kwenye mikadi. Maelfu ya mijusi hao walikamatwa na kuuzwa ughaibuni kwa wafugaji, hata biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku kwa azimio la mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016. Anaruhusiwa kutazamwa tu. Wakati wa kipupwe ni vema kusubiri hadi jua liwe limepanda, kwani asubuhi ya baridi yeye naye hukawia kutoka.