Polisi wakiitwa kwa mgonjwa wa akili: sheria inawataka wafanye nini

Visa vya polisi kuitwa kwa mtu "aliyerukwa na akili" hapa Pwani hufanana sana. Kijana amevunja vioo vya nyumba, au amevua nguo barabarani, au ameshika panga na hataki mtu amsogelee. Majirani wamejaa, mmoja asema ni bangi, mwingine asema ni majini, mama mtu analia. Gari la polisi linafika, kijana anatiwa pingu, analala seli, na Jumatatu anapandishwa kortini kwa kosa la kuzua vurugu. Watu wake hawaambiwi kwamba kuna njia nyingine, na kwamba njia hiyo imo katika sheria zetu tangu mwaka 1989.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248. Kifungu kinachowahusu polisi ni cha 16, na naomba msomaji akishike kichwani. Kinampa afisa wa polisi wa cheo cha inspekta na kuendelea, mkuu wa kituo (OCS), maafisa wa utawala, chifu na naibu wa chifu uwezo wa kumchukua mtu wanayeamini ana maradhi ya akili na kwamba ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Konstebo hakutajwa, lakini mkubwa wake anaweza kumtuma. Ndiyo maana ukifika kituoni, na afande wa kaunta akakwambia "hiyo si kazi yetu, hiyo ni ya hospitali", usigombane naye. Omba kumuona OCS.

Baada ya kumchukua, wanatakiwa wamfikishe katika hospitali ya wagonjwa wa akili ndani ya saa 24, au ndani ya muda unaofaa. Tazama neno lililotumika: hospitali. Kituo cha polisi hapo ni mahali pa kupitia tu, na mtu huyo hahitaji kushtakiwa kwa kosa lolote ndipo apelekwe. Kwa upande wangu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sheria hii, na ndilo linalojulikana kwa uchache zaidi mitaani na, nathubutu kusema, hata vituoni.

Kifungu hichohicho kina upande wa pili ambao watu hawapendi kuusikia. Kinawapa maafisa hawa jukumu la kumchukua mgonjwa asiyeangaliwa ipasavyo, au anayeteswa au kutelekezwa na jamaa au yeyote anayemtunza. Mtu aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, au aliyeachwa kwa mganga miezi kadhaa akipigwa ili shetani amtoke, anaingia humo. Jirani anayeona hayo anaweza kwenda kwa chifu, wala huko si kuingilia mambo ya watu.

Sasa tuje kwa nguvu na bunduki. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa aanze na njia zisizo za nguvu, na atumie nguvu pale tu njia hizo zinaposhindwa au zisipokuwa na matumaini. Nguvu hiyo ilingane na hali iliyopo. Bunduki ni ya kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine, na sababu nyingine chache. Kabla ya kufyatua anatakiwa ajitambulishe na atoe onyo, ampe mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Akimjeruhi mtu, ni wajibu wake kumpatia matibabu na kuwajulisha jamaa zake.

Yote hayo yameandikwa vizuri, lakini yanamchukulia mtu anayesikia na kuelewa. "Weka panga chini, weka chini!" ni amri isiyo na maana kwa mtu ambaye kichwani mwake sauti nyingine kumi zinazungumza, na anayeamini kuwa wale wenye sare wametumwa kumuua. Akisogea hatua moja, kwa afisa aliyefundishwa kukabili wezi hilo ni shambulio. Polisi wa mji wa Memphis, Marekani, walimpiga risasi na kumuua mtu wa namna hiyo mwaka 1987, naye alikuwa ameshika kisu. Mwaka uliofuata mji huo ukaanzisha kikosi cha maafisa wa doria wanaopewa mafunzo ya saa 40: kuzungumza kwa sauti ya chini, kusimama mbali, kungoja, kumfikisha mtu kwa daktari. Miji mingi imeiga. Kungoja ndiko kugumu zaidi kwa polisi, naona, kwa sababu umati umesimama pale unataka kuona kitu kikitendeka.

Kwa hivyo mengi yanategemea anayepiga simu. Ukipiga 999 au 112 na kusema "kuna mtu na panga anataka kuua watu", watakaokuja watakuja kwa ajili ya jambazi. Sema tangu mwanzo kwamba ni mgonjwa. Taja jina lake, maradhi yake kama yanajulikana, kama ameacha dawa, kama ana silaha au hana, na ni nani katika familia anayemsikiliza. Karatasi za kliniki na dawa zake ziwe mkononi. Watoto na watazamaji waondoshwe, na simu za kurekodi pia, maana zinamchochea. Mtu mmoja tu azungumze naye. Polisi wakifika, mlakini nje kabla hawajaingia, muwaeleze. Kituoni, hakikisha imeandikwa kwenye OB kwamba mtu huyu ni mgonjwa na jamaa wameomba apelekwe hospitali, kisha uchukue namba ya OB. Akipandishwa kortini hata hivyo, mwambieni hakimu siku hiyohiyo. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinaitaka korti ichunguze akili ya mshtakiwa inapoona dalili kwamba hawezi kujitetea.

Kuna jambo limebadilika ambalo wengi hawajalipata. Kwa miaka mingi mtu aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Familia zikawa zinadanganya hospitalini, wakisema amekunywa dawa kwa bahati mbaya, ili polisi wasiitwe. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi mwambieni daktari ukweli. Na mwenye mawazo hayo, au anayeishi naye, anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo.

Nirudi kwa zile saa 24, maana hapa polisi nao wana hoja. Kitengo cha akili ambacho Pwani yote imekizoea kiko Port Reitz, Mombasa. Mtu wa Faza lazima avuke bahari kwanza, kisha abiri barabara ya Lamu. Gari la kituo huenda halina mafuta, au ndilo pekee kwa doria ya usiku. Marekebisho ya mwaka 2022 yalizibebesha kaunti jukumu la huduma za afya ya akili hadi mashinani, kwa hivyo swali la vitanda na dawa ni la kumuuliza MCA wako na gavana wakati wa bajeti, kwa sababu OCS hana jibu lake.

Lakini kupigwa hakuna uhusiano na mafuta. Mgonjwa akiumizwa au akifa mikononi mwa polisi, jamaa wanaweza kulalamika IPOA, ambayo ina ofisi Mombasa. Hakuna malipo wala haja ya wakili. Nendeni na tarehe, saa, jina la kituo, ile namba ya OB, na karatasi ya hospitali inayoonyesha alikuwa akitibiwa.