Kasoro ya almasi inayopima joto la seli

Sonara akiona kasoro kwenye almasi anashusha bei. Wanasayansi wao wanaitafuta kasoro moja hivi: atomu moja ya kaboni haipo, na jirani yake ni naitrojeni. Imulike kwa leza ya kijani, inawaka nyekundu. Ongeza mawimbi ya maikrowevu, na huo mwanga utakusomea usumaku na joto la hapo karibu.

Mwaka 2013, watafiti wa Harvard waliingiza chembe za almasi ndani ya seli hai ya binadamu, wakapima joto lake. Wengi huanzia hadithi hapo. Mimi hapana. Mwaka 1997, Chemnitz, Ujerumani, watu walishasoma kasoro moja pekee kwenye joto la kawaida la chumba. Enyewe, seli hai ungeipimaje kwa kifaa kinachotaka baridi ya kugandisha?