Unguja kwa msafiri wa peke yake: hati, boti na saa za bahari

Unguja ni kisiwa kikuu cha Zanzibar, katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa wakazi wa Rwanda, Burundi na Uganda, nchi zisizo na pwani, ni mojawapo ya sehemu za Bahari ya Hindi zinazofikika kwa basi na boti, au kwa ndege. Msafiri anayekwenda huko bila mwenzake hukosa watu wawili ambao wasafiri wa kundi huwapata bila kuwatafuta: wa kumkumbusha saa, na wa kugundua kwamba hajarudi. Mambo yafuatayo yanahusu namna ya kuziba pengo hilo.

Hati za kuingia

Tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wamekuwa wakitembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo hauihusu Tanzania, hivyo anayevuka Rusumo, Mutukula au Kobero ahakikishe ana pasipoti. Wanaotoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, zikiwemo Uganda, Kenya, Burundi na Kongo, hudaiwa cheti cha chanjo.

Hati hukaguliwa tena Zanzibar, hata kwa mgeni aliyekwisha kuingia Tanzania Bara. Aidha, tangu 1 Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ilikuwa dola 44 za Marekani, kwa muda usiozidi siku 92. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aulize mapema kinachomhusu.

Boti na orodha ya abiria

Wanaosafiri kwa ndege hushukia Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Wanaopita Dar es Salaam huvuka kwa boti ziendazo kasi hadi bandari ya Malindi, mwendo wa takriban saa mbili. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa: 07:00 ni saa moja asubuhi. Asiye na wa kumuuliza na ahesabu mara mbili.

Tiketi inunuliwe katika ofisi ya kampuni ya boti, kwa jina lililo kwenye pasipoti. Sababu yake imeandikwa katika historia ya mkondo huo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyobeba watu kupita uwezo wake, ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika majira ambayo upepo wa kusi huichafua bahari. Abiria asiyeandikwa, na ambaye hakuna ndugu anayejua amepanda chombo gani, ni vigumu hata kutafutwa.

Maji yanayoondoka na kurudi

Aliyekulia kando ya Kivu, Tanganyika au Nyanza amezoea maji yanayokaa mahali pamoja kutwa nzima. Bahari haiko hivyo. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na habari ya juzi haifai leo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, ambapo tofauti hupungua.

Katika pwani ya mashariki, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga hadi karibu na mwamba wa matumbawe. Mgeni huvutwa kuutembea. Maji yanaporudi, mabonde yaliyo nyuma yake huweza kujaa kabla ya fungu la mchanga alilosimama, akajikuta amezungukwa. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, huogeleka karibu saa zote.

Tiba yake ni kuuliza kila asubuhi: maji yanajaa saa ngapi? Wavuvi wanajua, na wanawake wanaolima mwani huishi kwa saa hizo. Wakianza kurudi nchi kavu na mizigo yao, mgeni naye arudi. Miguuni avae viatu, kwa sababu ya viumbe wenye miiba walio kwenye miamba.

Kuishi na wenyeji

Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, hivyo msomaji wa lugha hii hafiki kisiwani kama bubu. Shikamoo kwa mkubwa na hodi mlangoni hufungua mazungumzo kuliko fedha. Wengi wa wakazi ni Waislamu: mjini na vijijini mabega na magoti hufunikwa, kwa wanaume na wanawake, na mavazi ya kuogelea hubaki ufukweni. Mchana wa Ramadhani si vyema kula au kunywa hadharani.

Bandarini na Mji Mkongwe mgeni hukutana na mapapasi, vijana wanaotaka kumwongoza kwa malipo. Kukataa kwa upole mara moja na kuendelea na safari hutosha. Anayetaka mwongozaji amwombe kitambulisho cha kazi. Kutembea ufukweni peke yake usiku, hasa kwa mwanamke, kuepukwe.

Kila shehia ina sheha, kiongozi wa serikali aliye karibu zaidi na wananchi. Msafiri mwenye shida kijijini huelekezwa kwake. Namba ya dharura ni 112, na hospitali kuu, Mnazi Mmoja, iko mjini, mbali na fukwe za kaskazini na mashariki.

Kabla ya kuondoka nyumbani, nakala ya pasipoti, jina la boti na mahali pa kulala viachwe kwa ndugu mmoja, pamoja na saa ya kupiga simu kila jioni. Na anayeingia baharini amwambie mwenyeji wake saa anayotarajia kurudi, ili akichelewa, awepo wa kuuliza.