Kutoka Tudor hadi Baku

Kijana wa Mjambere, mtaa wa Mombasa, anayetaka kusomea uhandisi leo huvuka daraja la Nyali tu, akafika Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Chuo hicho kilizaliwa na MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), taasisi ya Waislamu iliyochangiwa na Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni. Masomo yalianza 1951. Wasio Waislamu walifunguliwa mlango 1966.

Enzi hizo, waliotaka zaidi walikwenda mbali. Kuanzia 1960 mwanasiasa Oginga Odinga aliwatafutia Wakenya nafasi Ulaya Mashariki, na wengi walipitia Cairo. Walipofika Ulaya Mashariki walijifunza kwanza lugha ya wenyeji, ndipo wakaingia kwenye hesabu na mitambo.

Ubaguzi uliwaandama. Februari 1963 wanafunzi Waafrika waliandamana Sofia, kisha mamia wakaihama Bulgaria, baadhi wakielekea Ulaya Magharibi. Mwaka 1965 Wakenya 29 waliacha masomo Baku, katika Umoja wa Kisovieti, wakarudi nyumbani.

Waliovumilia wakahitimu walipokewa nyumbani kwa shaka: shahada zao zilitiliwa mashaka na siasa zao zikachunguzwa. Ilikuwa dhuluma, tena kwa nchi iliyokuwa na njaa ya wahandisi.