Viti Saba na Bei ya Petroli

Utafiti wa uzazi uliofanywa nchini Kenya mwaka 1977 na 1978 ulipata kwamba mwanamke wa Kenya angezaa, kwa wastani, watoto wanane. Takwimu yenyewe ilikuwa 8.1, kati ya viwango vya juu kabisa duniani wakati huo. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Katikati ya takwimu hizo mbili kuna historia ya karo, ya mashamba yaliyogawanywa mpaka yakabaki vishoroba, na ya kliniki za kupanga uzazi. Lakini kuna pia historia ya gari la familia, na hiyo ndiyo imeninyima usingizi miezi hii. Nyumbani kwetu tuna watoto wawili, mapacha wako njiani, na mama mkwe amehamia kwetu. Jumla, watu saba. Gari tulilo nalo lina viti vitano, na petroli inapimwa kwa sarafu ya mwisho.

Nimezunguka yadi za Ngong Road na za Mombasa Road, nikasikia kila sifa ambayo mdomo wa muuzaji unaweza kutoa. Mmoja aliniambia gari la haibridi "halinywi kabisa". Hakuna gari lisilokunywa. Nilichojifunza katika kuzunguka huko ni kwamba gari la familia hapa kwetu huchaguliwa kwanza na historia, tena historia ya watu wengine, halafu ndipo sisi tunachagua katika kilichobaki. Ukijua liliundwa kwa ajili ya nani, utajua kama litakufaa.

Tuanze na Peugeot 504, ambayo vinywa vyetu viliigeuza Pijo. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na ile ya mgongo mrefu ikafuata mwaka 1971. Toleo moja la mgongo mrefu lilikuwa na safu tatu za viti, watu saba. Hapa Kenya 504 iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha. Ilikuwa gari la daktari wa wilaya, la mwalimu mkuu mwenye bahati, na la mfanyabiashara wa Nakuru. Ilikuwa pia teksi ya masafa marefu: unangoja kituoni mpaka watu saba watimie, mnaondoka kuelekea Kisumu mkiwa mmebanana kama ndizi kwenye mkungu.

Watu wanapoikumbuka 504 husifu uvumilivu wake barabarani, na Safari Rally ilitoa ushahidi: ilishinda mwaka 1975, na mwaka 1978 ikashinda tena kwa umbo la kupé. Mimi nasifu kitu kingine, hesabu yake. Gari lile halikuwa na ubahili wowote wa mafuta. Lakini teksi ya watu saba iligawa kila lita kwa vichwa saba, na baba mwenye watoto wengi alifanya hivyo hivyo bila kuandika popote. Ubanaji wa mafuta ulikuwa kwenye viti, haukuwa kwenye injini.

Hesabu hiyo ilianza kuuma Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipoweka vikwazo wakati wa vita vya Mashariki ya Kati. Pipa lililokuwa likiuzwa kama dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kenya, isiyokuwa na kisima chake, ilisafisha mafuta ghafi ya kigeni katika kiwanda cha Changamwe na kulipa bei iliyopangwa mbali. Tangu hapo kila familia yenye gari imekuwa na waziri wa fedha mdogo ndani ya nyumba, anayejua bei ya lita kuliko anavyojua bei ya sukari.

Kisha ikaja mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumwagika bandarini Mombasa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na kule gari lina ukaguzi wa lazima unaokuja baada ya miaka mitatu ya kwanza, halafu kila miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenye gari afikirie kuuza mapema. Kwetu sheria ikaweka mpaka: gari la mtumba lisizidi miaka minane. Hivyo Kenya ikawa inaishi miaka minane nyuma ya Japani. Kinachouzwa leo Nagoya ndicho tutakachogombania kesho kutwa Ngong Road.

Mitumba hiyo ilileta magari madogo ya viti vitano, na familia nazo zilikuwa zinapungua. Vilioana vizuri. Tatizo linakuja kwa nyumba kama yangu, inayokua wakati wengine wanapunguza, na ambayo bibi wa watoto ni mmoja wa abiria wa kila siku.

Haibridi yenyewe si jambo jipya. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, kijana wa miaka ishirini na kitu, akifanya kazi kwa Lohner mjini Vienna, alitengeneza gari ambalo injini yake ya petroli ilizalisha stima, na stima hiyo ikaendesha mota zilizofungwa kwenye magurudumu. Lilikuwa zito na ghali. Petroli ikawa rahisi, injini zikawa nyepesi, na wazo hilo likalala karibu karne nzima.

Liliamka Japani. Mwaka 1993 Toyota ilianzisha mradi wa kutafuta gari la karne ya 21, na mhandisi Takeshi Uchiyamada akapewa kuuongoza. Desemba 1997, mwezi ule ule mataifa yalipokuwa Kyoto yakijadili hali ya hewa, Prius ikaanza kuuzwa. Jina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kabla".

Ujanja wake si mgumu kueleza. Gari lina injini ya petroli na mota za umeme. Ukiondoka taratibu, mota inaweza kukuvuta peke yake. Ukisimama, injini inazimika. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta: ile nguvu ambayo gari la kawaida huitupa kama joto kwenye breki, hapa inarudishwa kwenye betri. Ndiyo maana gari hili hupenda mahali ambapo watu husimama na kuondoka, kusimama na kuondoka.

Sasa niambie, mahali hapo ni wapi kama si Nairobi? Waiyaki Way saa kumi na mbili asubuhi, Jogoo Road mvua ikinyesha. Waliounda Prius walikuwa na barabara za miji ya Japani akilini, lakini jam yetu ni kama iliandikiwa gari hilo. Kinyume chake ni kweli pia. Ukitoka Mlolongo kuelekea Mombasa kwa mwendo mmoja saa nzima, breki haiguswi, na faida ya haibridi inapungua sana. Na kwenye mteremko wa Mai Mahiu betri, ambayo ni ndogo, inajaa mapema, kisha unarudi kutegemea injini ikushike. Gia ina herufi B kwa kazi hiyo. Anayeuziwa gari bila kuelezwa herufi hiyo ameuziwa nusu gari.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia inatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la kawaida la viti saba likienda kilomita 10 kwa lita, linataka lita 100. La haibridi likienda 16, linataka lita 62 na nusu. Petroli ikiwa shilingi 180, hiyo ni 18,000 dhidi ya 11,250. Kinachobaki ni shilingi 6,750 kwa mwezi, 81,000 kwa mwaka. Si utajiri, lakini kwa nyumba yenye mapacha ni nepi, ni maziwa. Na bei hiyo haisimami: Septemba 2023, miezi michache baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Kila inapopanda, pengo la magari hayo mawili linapanuka.

Hapo ndipo muuzaji hunyamaza, kwa sababu linalofuata ni suala la betri.

Peugeot ilikuwa gari la kusamehe. Ungeinunua imeteswa na wenyewe watatu, fundi akafungua injini chini ya mwembe, akabadilisha ringi na gasketi, na maisha yakaendelea. Haibridi haisahau. Betri ya Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28 zilizofungwa mfululizo, na moja ikichoka inazivuta zote. Joto, vumbi na miaka ya kukaa bila kuendeshwa vyote vimeandikwa humo ndani, hata kama rangi ya gari inang'aa. Ukinunua haibridi ya mtumba unanunua historia yake pia, upende usipende. Kuna mafundi Nairobi wanaofungua betri na kubadilisha moduli mbaya peke yake. Inasaidia kwa muda, lakini kufunga moduli mpya kati ya zilizochoka ni kama kufunga punda kijana na punda wazee kwenye mkokoteni mmoja. Muda si mrefu atakayesimama ni mwingine.

Kwa hiyo kabla ya bei nauliza karatasi ya mnada ya Japani, cheti cha kuondoshwa kwenye usajili, na kilomita zilizoandikwa humo, nazilinganisha na dashibodi. Nakwenda na fundi mwenye kompyuta inayosoma kila sehemu ya betri gari likiwa limebeba mzigo, si likiwa limesimama yadi. Na natazama tundu la hewa ya kupoza betri, ambalo kwenye nyingi za Toyota hizi liko ndani, karibu na viti vya abiria. Mwenye watoto ataelewa: hapo ndipo makombo ya biskuti na sweta za shule huishia. Tundu likiziba, betri inapika.

Baada ya hapo, viti. Prius Alpha ilitoka mwaka 2011, nyingine za watu watano, nyingine saba, na ukiangalia harakaharaka nje hutazitofautisha. Sienta ya haibridi ilitoka mwaka 2015, injini ya cc 1500, milango ya kati ya kutelezesha, sakafu ya chini inayomfaa mtu mwenye magoti mabovu. Hiyo ndiyo ilikuwa na mafuta machache kuliko zote, na ndiyo moyo wangu ulikimbilia. Mke wangu ndiye aliyechukua futi ya cherehani na kupima. Sienta ina viti viwili mbele, vitatu katikati, viwili nyuma. Ukishafunga viti viwili vya watoto wachanga katikati, nafasi inayobaki kati yao ni ya mkoba, si ya bibi. Na kumwambia mama mkwe apande safu ya tatu, hilo hata mwenye ulimi mrefu hawezi.

Noah ya haibridi, iliyotoka mwaka 2014, imepangwa viwili, viwili, vitatu. Mama anakaa katikati kwa heshima yake, pacha mmoja kando yake, wengine watatu nyuma. Injini yake ni ya cc 1800, ya ukoo mmoja na ile ya Prius ya kizazi cha tatu, kwa hiyo mafundi wa mjini wanaifahamu na spea hazisumbui. Ni nzito kuliko Sienta, na itakunywa zaidi yake. Iko chini kidogo kwa barabara za ushago msimu wa mvua, hilo nimelikubali.

Lakini hapa hesabu ya ile teksi ya Kisumu inarudi. Gari dogo lenye mafuta kidogo likitulazimisha kwenda ushago Desemba na gari la pili, au mama akipanda basi peke yake, ubanaji wote umekwenda na maji. Lita hazigawanywi kwa kilomita tu. Zinagawanywa kwa vichwa vilivyofika pamoja.

Tumekubaliana Noah. Tumekubaliana pia kwamba katika zile 6,750 za kila mwezi, 2,000 zinaingia kwenye akaunti ya betri, haziguswi hata kwa karo. Tutakapoinunua itakuwa tayari imeishi nusu ya maisha yake kwa watu tusiowajua. Nusu iliyobaki ni sisi tutakaoiandika, na atakayeinunua kwetu ataisoma.